Yankadi ya Harusi ya Binti Yangu

Siku mkwe wangu alipoleta ombi la familia yake, nilikuwa napakua sombe, majani ya muhogo, jikoni, katika nyumba yetu ya ghorofa ya sita huko Anderlecht, Brussels. Wakati huo hakuwa mkwe bado. Alikuwa kijana mrefu, mpole, fundi wa lifti, familia yake inatoka pwani ya Gine, kule Afrika Magharibi, na binti yetu alikuwa akimleta Jumapili mara mbili kwa mwezi ili tumzoee. Posa ilikuwa imekubaliwa. Tarehe ya kufunga ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ilikuwa imepatikana. Mchungaji wetu alikuwa amekubali kuwabariki, ingawa familia ya kijana ni Wakatoliki. Nilidhani mambo magumu yote yamekwisha.

Kijana alifuta midomo, akasema kwa Kifaransa cha adabu kwamba shangazi yake, yule aliyemlea na ambaye angesimama mahali pa mama yake, alikuwa na ombi moja tu. Siku ya harusi, kabla ya chakula, familia mbili zicheze yankadi.

"Ni kitu gani hiyo?" mume wangu akauliza.

Kijana akaeleza. Wanaume husimama mstari mmoja, wanawake mstari mwingine, wakitazamana. Ngoma huenda polepole. Mistari inasogeleana, kila mwanamume na mwanamke aliye mbele yake wanagusana viganja, wanatazamana machoni, kisha wanarudi nyuma. Halafu kipenga kinalia na ngoma inabadilika, inakuwa ya mbio, inaitwa makru, na hapo hakuna kugusana tena.

"Kwa kweli, papa, ni mchezo wa kutongozana," binti yangu akaongeza, akicheka.

Hakupaswa kuongeza. Mume wangu aliweka uma chini.

"Bon," akasema. "Mi ni diacre. Diacre hawezi kusimama mbele ya kanisa na kutongoza bibi ya batu. Muambie shangazi yako merci, lakini hapana."

Alikuwa shemasi kweli, kwa miaka tisa. Kanisa letu lilikuwa katika bohari moja ya zamani, si mbali na nyumbani, na karibu wote tulikuwa watu wa Kivu, mashariki ya Kongo. Tuliimba kwa nguvu, tulipiga makofi, tuliyumba kulia na kushoto kama mgomba kwenye upepo. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini, mtu alipaswa kutulia. Hakuna aliyeliandika hilo mahali popote, na hakuna asiyelijua.

Kijana hakubishana. Alisema "ndiyo, papa," akaendelea kula. Ila niliona binti yangu anamtazama, na macho ya binti yangu yalikuwa na hofu. Nikajua kwamba kwa upande wa pili ombi lile halikuwa dogo. Kukataa kucheza kungekuwa kama kukaribishwa nyumbani kwa watu ukabaki umesimama mlangoni.

Jumamosi iliyofuata nilichukua metro, kisha basi, nikaenda Ixelles kumwona shangazi wa kijana. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Ningemwomba kwa heshima aondoe ombi lake, nimweleze kuhusu kanisa letu, nimwahidi kitu kingine, labda wimbo. Mume wangu nilimwambia naenda kutafuta kitambaa cha sare, na hilo halikuwa uongo kabisa, kwa sababu nilipitia barabara ya Chaussée de Wavre, nikaangalia vitenge viwili vitatu bila kununua.

Shangazi alifundisha ngoma za kwao kila Jumamosi saa nane mchana, katika chumba cha chini cha jumba moja la mtaa. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwili mkubwa, shingo ndefu, sauti ya chini. Hakujua Kiswahili hata neno moja, nami lugha yake siijui, kwa hiyo maongezi yetu yote yalikuwa ya Kifaransa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Dada yangu, vua viatu, kaa pale kwenye benchi, utazame. Tukimaliza, uniambie kibaya ni kipi. Ukiniambia, nitaondoa ombi langu leo hii."

Nikavua viatu.

Walikuwa watu kama kumi na watano: wanawake wa Gine, wanafunzi wa chuo, muuguzi mmoja Mbelgiji mwenye nywele nyeupe, wanaume watano tu. Kaka yake shangazi, mzee wa miaka sitini na kitu aliyefiwa na mkewe, alikuwa na ngoma katikati ya magoti. Kijana mwingine alipiga gogo lililotobolewa, lenye sauti kama matone ya maji yakidondoka kwenye sufuria.

Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu. Nilichoona kilikuwa polepole mno kuwa aibu. Mistari ilisogeleana kama watu wanaoingia kwenye maji baridi. Mabega yalishuka, magoti yalilegea, mikono ikaelea mbele ya kifua. Na macho hayakuondoka. Hilo ndilo lililonifanya nigeuze uso mara ya kwanza. Muuguzi yule Mbelgiji alimtazama mwanafunzi mmoja aliyeweza kuwa mjukuu wake, naye akamtazama yeye, na hapakuwa na mzaha wala uchafu ndani yake. Kila mmoja alikuwa amempa mwenzake muda. Viganja vikakutana, vikatulia mapigo mawili, vikaachana. Kila mmoja aliweka mkono juu ya moyo wake, akarudi nyuma.

Walipomaliza, shangazi alikuja, jasho likimtoka. "Haya. Kibaya ni kipi?"

Niliinama kutafuta viatu vyangu chini ya benchi.

"Basi simama," akasema.

Nilisimama, na mwili wangu ukagoma. Si kwamba sikusikia ngoma. Niliisikia mpaka kwenye meno. Lakini kiuno changu kilikuwa kimefungwa tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, Bukavu. Siku hiyo, kwenye harusi ya jirani, nilicheza kama nilivyoona wasichana wakubwa wanacheza, na mama yangu mdogo akanitoa katikati ya watu kwa kunivuta sikio. Alinifunga kitenge chake kiunoni, mafundo mawili, akanitembeza hivyo hadi nyumbani. Njiani hakunitukana. Alisema tu, "Mwili wako utakuletea matatizo," nami nikamwamini. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na moja na mwanamume niliyemwona mara tatu, sebuleni kwa mchungaji, shangazi wa mwanamume huyo akiwa ameketi katikati yetu. Alikuwa mtu mwema, na ni mwema hadi leo. Ila hakuna siku aliyonitongoza. Hatukuhitaji, wazee walikuwa wameshamaliza kila kitu. Baadaye vita vikaja, na kukimbia, na kambi, na makaratasi, na watoto, na Brussels, na ratiba za kazi. Hayo ndiyo maisha yaliyotuunganisha, na yalituunganisha vizuri. Lakini tulikuwa tukiishi kama watu wawili waliobeba kabati kubwa pamoja kwenye ngazi: unamjua mwenzako kwa uzito wa upande wake, humwoni uso.

Shangazi aliona kwamba nimekwama. "Usinionyeshe kiuno," akasema. "Kiuno kitakuja chenyewe. Nionyeshe kiganja."

Nikainua kiganja. Akaweka chake.

Kazi yangu ni kugusa watu. Kila asubuhi naingia katika nyumba za wazee wa mji huu, nawaosha, nawavalisha, nawapaka mafuta migongoni. Nimegusa miili mingi kuliko daktari, na karibu yote nimeigusa nikiwa na glavu. Sikujua, mpaka dakika ile, ni muda gani umepita tangu mtu aniguse bila kuwa na kitu cha kunifanyia. Kiganja cha shangazi kilikuwa kikavu, kipana, chenye joto. Mapigo mawili, kikaondoka. Nililazimika kukaa chini, nikasingizia viatu.

Sikumwomba tena aondoe ombi lake. Jumamosi iliyofuata nilirudi, na iliyofuata, na nyumbani niliendelea kusema kitambaa, fundi, vipimo.

Nilijifunza sheria za mchezo ule, na sheria ndizo zilizonituliza. Mwanamume anakuja na kiganja wazi, usawa wa kifua, si juu zaidi, si chini zaidi. Hagusi kitu kingine chochote. Mwanamke anaweza kumpa kiganja. Anaweza kumpa ncha za vidole tu. Anaweza pia kumgeuzia mgongo, na akigeuziwa mgongo, mwanamume anarudi kwenye mstari wake bila kununa, anaendelea kucheza, anasubiri ngoma imrudishe.

"Na asipokubali kurudi?" nikauliza.

"Basi kila mtu amemwona," shangazi akasema. "Ndiyo maana tunacheza mbele ya watu. Kule pwani, mama zetu walikaa pembeni wakitazama ni kijana gani anajua kurudi."

Wiki ya nne binti yangu alikuja na mchumba wake kufanya mazoezi. Alitoka moja kwa moja hospitalini anakofanya kazi, baada ya zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, nywele zimelala upande mmoja, na nilimjua tangu mlangoni kwamba ana hasira na dunia nzima. Ngoma ikaanza. Kijana akamjia, kiganja wazi. Binti yangu akamgeuzia mgongo. Haikuwa mchezo, alimgeuzia mgongo kama mtu anayefunga mlango.

Nilimtazama kijana usoni. Sikuwa natazama kingine chochote. Alirudi nyuma hatua zake nne. Mabega yake hayakukaza. Hakucheka kwa nguvu ili wengine wamwonee huruma, hakumtazama mwanamke wa pembeni ili kumkomoa. Alicheza mahali pake. Mzunguko wa pili, mgongo tena. Akarudi tena. Mzunguko wa tatu binti yangu alimpa vidole viwili, akiwa bado amekunja uso, na kijana akavipokea vile viwili kama vilivyo, akaweka mkono moyoni.

Natoka mahali ambapo, kwa miaka mingi, wanaume wenye bunduki hawakumuuliza mwanamke yeyote kama anataka. Nimemlea binti huyu nikiwa na hofu hiyo chini ya ulimi, hata katika mji huu wenye taa na mabasi. Sikuwahi kumwambia. Kila kijana aliyemleta nilimpima kwa mambo ya kipuuzi: viatu vyake, jinsi anavyosalimia, kama anakula sombe. Siku ile, katika chumba kile cha chini chenye harufu ya jasho na chai ya tangawizi, nilimwona mwanamume anakataliwa mara mbili mbele ya watu na kubaki mtu yuleyule. Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza, nikapumua. Nilipumua kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani.

"Mama, unalia?" binti yangu alinifuata.

"Silii. Mbona ulimgeuzia mgongo?"

"Nilikuwa nimechoka tu. Yeye anajua."

"Anajua kweli?"

"Mama, c'est bon. Anajua."

Jumamosi ya sita mume wangu alitukuta.

Alikuwa amekuja kwa wema. Nilikuwa nimesema naenda kuchukua vitenge vya sare kwa fundi, akafikiri mzigo utakuwa mzito, akampigia binti yetu simu kuuliza niko wapi. Binti yangu, ambaye hakujua kwamba nadanganya, akampa anwani ya jumba la mtaa. Kwa hiyo alishuka ngazi zile akiwa na mfuko mkubwa mtupu umekunjwa chini ya kwapa, akafungua mlango, na mimi nilikuwa katikati ya chumba, miguu mitupu, macho yangu katika macho ya kaka yake shangazi, viganja vyetu vimekutana.

Siku hiyo kaka huyo alikuwa amewaachia vijana ngoma ili aongeze idadi ya wanaume kwenye mstari. Alikuwa mtu wa heshima. Aliponiona nimeganda alishusha mikono, akamwendea mume wangu, akamsalimia. Mume wangu alimjibu salamu. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Maman, minakungojea inje."

  Kwenye basi nilijaribu kueleza, akainua mkono kidogo, kama anavyofanya kanisani mtoto akipiga kelele. Jumapili alihudumu kama kawaida. Jumatatu, Jumanne, alikwenda kwenye bohari anapofanya kazi ya kupanga mizigo, akarudi, akala, akalala akiwa ameelekea ukutani. Nilikuwa na uhakika kwamba atakataa kuja harusini. Usiku wa Jumanne niliwaza hata maneno ya kumwambia binti yangu, na hayakupatikana.

Jumatano jioni nilikuwa napiga pasi. Alikuja akakaa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Maman."

"Papa."

"Ule muzee. Mikono yake iko ya moto?"

Niliweka pasi kando. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kujitetea. Nikachagua la kweli.

"Ni ya moto. Na inatoka jasho sana."

Alitazama dirishani. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwanza nilidhani analia, nikamkimbilia, kumbe anacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichotoka kwa shida, kama mlango uliokwama. Alipomaliza kucheka alisema:

"Minakuona pale, minasema, huyu ni bibi yangu? Miaka makumi tatu na moja, hujawahi kuniangalia hivyo."

"Na wewe hujawahi kunisimamia mbele hivyo."

"Ni kweli," akasema. Kisha: "Nikisimama, batanicheka."

"Nani atakucheka? Kwa sababu wewe ni shemasi?"

"Diacre, diacre..." Alipunga mkono. "Kuya uone."

Akakunja mguu wa kulia wa suruali mpaka juu ya goti.

Goti lilikuwa limevimba kama embe bovu, upande mmoja mkubwa kuliko mwingine, ngozi imevutika hadi inang'aa. Miaka ya kunyanyua maboksi. Aliniambia kwamba halikunji vizuri tangu mwaka uliopita, kwamba asubuhi hushuka kitandani kwa kushika meza, kwamba alikuwa anavaa suruali kabla sijaamka ili nisione. Aliogopa daktari amwandikie kwamba hafai kazi. Kanisani alikuwa ameacha kupiga magoti wakati wa maombi, akasimama, na watu wakadhani ni ukali wa imani.

Mimi, ninayeosha magoti ya watu kila siku ya Mungu, sikuwa nimeliona goti la mume wangu kwa mwaka mzima. Nilikaa sakafuni mbele yake nikaliweka mkononi, bila glavu. Niliona aibu, na chini ya ile aibu nilihisi nafuu kubwa kiasi kwamba nilitaka kucheka mimi pia. Hakuwa amenikasirikia. Hakuwa hata anapigania dini. Alikuwa mwanamume anayeogopa kuchechemea mbele ya mkewe.

Ijumaa nilimpeleka kwa daktari. Hakufutwa kazi, alipewa dawa, bandeji, na barua ya kumhamishia kwenye upande wa kuhesabu mizigo, ambapo mtu anakaa. Na Jumapili, baada ya ibada, shangazi wa kijana alipanda ghorofa zetu sita akiwa na kigogo kidogo kwenye mfuko, akatusogezea meza ya jikoni ukutani.

"Papa," akamwambia mume wangu, "makru ni ya vijana, utakaa. Lakini yankadi haikimbii. Mguu mgumu unaifaa, unakufundisha kusubiri."

Alimfundisha akiwa amevaa soksi, kati ya jiko na friji. Wiki ile nzima nilimkuta akifanya mazoezi peke yake, kiganja wazi mbele ya mlango wa friji, uso wa mtu anayeomba mkopo. Nilipomcheka alisema friji inamheshimu kuliko mimi.

Harusi ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mchana, katika ukumbi tuliopaswa kuuacha kabla ya saa mbili usiku. Mchungaji wetu aliketi mbele na mkewe. Nilikuwa nimemweleza kwa simu kwamba kutakuwa na "desturi ya upande wa kijana", na sikueleza zaidi. Ngoma zilipoanza na shangazi alipoita mistari, nilimwona mchungaji ameweka glasi yake chini.

Tukasimama. Wanawake upande wetu: mimi, binti yangu katika kitenge chake cheupe, wadogo zangu wawili waliotoka Liège, shangazi, wasichana wa Gine. Upande ule wanaume, na kati yao mume wangu, suti ya kijivu, kitambaa cha sare shingoni. Goti lilikuwa limefungwa ndani ya suruali. Mimi peke yangu nilijua. Alikuwa amepangwa mbele yangu. Kaka yake shangazi alikuwa amehakikisha hivyo, kisha akarudi kwenye ngoma yake.

Mistari ikasogea. Mume wangu alikuja, mguu wa kulia ukiburuzika nusu pigo nyuma ya mwingine, na shangazi alikuwa amesema kweli, ule uzito ulimfaa. Ulimfanya aonekane kama mtu asiye na haraka hata kidogo. Aliinua kiganja usawa wa kifua. Akanitazama machoni.

Sijui kilichonishika. Labda ni miaka thelathini na moja, labda sebule ile ya mchungaji wa Bukavu na shangazi wa mume wangu katikati yetu. Nilimgeuzia mgongo.

Ukumbi mzima ukapiga yowe. Wadogo zangu walipiga vigelegele, vijana wa Gine wakapiga miluzi. Niligeuka nikamwona amerudi kwenye mstari, macho yamemtoka, halafu tabasamu ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake, tabasamu la kijana wa miaka ishirini anayegundua kwamba kazi bado ipo. Akaja tena. Nikamgeuzia mgongo tena, na sasa kiuno changu kilicheza chenyewe, sikukituma. Mtu mmoja alipaza sauti kwa Kiswahili, "Papa, omba vizuri!"

Mara ya tatu alikuja polepole zaidi. Hakutabasamu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma barua aliyoichelewesha. Nilisimama mahali pangu nikamwacha afike. Nikampa kiganja, na cha pili pia, ingawa sheria haikudai cha pili. Mikono yake ilikuwa baridi kwa woga. Mapigo mawili yakapita, manne, sita, mistari ikarudi nyuma bila sisi, na shangazi, Mungu ambariki, hakuashiria kipenga kipigwe mpaka tulipoachana wenyewe.

Makru ilipoanza mume wangu alikwenda kuketi, akipumua, akigonga meza kwa vidole. Binti yangu na mumewe waliruka katikati, wametenganishwa na hatua tatu za hewa, na hawakuhitaji kugusana ili mtu ajue. Nilimwona mchungaji anainuka na kuelekea meza ya mume wangu. Nikaacha mstari, nikawahi, tayari kujibu mimi.

Mchungaji alivuta kiti akakaa.

"Diacre," akasema. "Mi nilizani uko mutu wa mbao."

"Hata mi nilizani," mume wangu akajibu.

Wakacheka, mchungaji akaomba amwekewe samaki. Ndiyo hivyo tu. Miezi miwili nilikuwa nimebeba woga ule, na uliisha kwenye sahani ya samaki na ndizi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikuwa nakunja vitambaa vya meza ya Bwana pamoja na mke wa mchungaji. Yeye ni mwanamke mkimya, mdogo kuliko mimi kwa miaka kumi. Alihakikisha kwamba hakuna mtu karibu.

"Maman," akanong'ona, "ile ya kugeuza mugongo... banafundisha wapi?"

Nikamwelekeza. Jumamosi, saa nane mchana, Ixelles, ushuke kituo cha pili baada ya uwanja, mlango wa kijani, ngazi za kushuka. Nikamwambia abebe chupa ya maji.